Mshipa wa Kinyozi

Kinyozi wetu wanamwita Taratibu. Jina la nyumbani analo, lakini ukilitaja hapa mtaani watu watakuuliza unamtafuta nani. Alilipata hili kwa sababu ya neno analomwambia kila mteja anapomlaza kichwa nyuma na kumwekea wembe shingoni: "Taratibu, mzee. Taratibu." Haijulikani kama anamwambia mteja au anauambia wembe. Mimi nashona viatu kwenye baraza ya duka lake, ubavuni mwa mlango, na kutoka hapo naona miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Ndiyo maana habari za mguu wake nilizijua mapema kuliko wengine.

Mguu wenyewe ni wa kulia, na uliharibiwa na kiti. Taratibu ana kiti cha kinyozi cha chuma, kizito kama ng'ombe aliyelala, chenye pedali chini. Ukiikanyaga kidogo kidogo kiti kinapanda; ukiikandamiza mpaka mwisho kinashuka chote kwa mkupuo. Hakuna kinyozi mwingine wa jirani mwenye kiti kama hicho, na anakilinda kama mtu anavyolinda mke mzuri. Siku ya kuhamia dukani hapa wabeba mizigo walichelewa. Akasema hawezi kukiacha barabarani kipigwe na jua. Akakikumbatia, akakinyanyua peke yake, akakiingiza ndani. Kiti hakikupata hata mkwaruzo. Aliyepata ni yeye.

Hospitali walimwambia kitu fulani katikati ya pingili za mgongo kimechomoza na kuukandamiza mshipa unaoshuka mguuni. Baada ya muda kile kilichochomoza kilirudi mahali pake, lakini mshipa haukusamehe.

"Mshipa wako ni kama jirani aliyeibiwa mara moja," daktari alimweleza. "Mwizi alishaenda zake, lakini kila paka akipita juu ya bati, jirani anapiga mayowe."

Taratibu alipenda sana maelezo hayo. Aliporudi aliyarudia kwangu neno kwa neno, nikayapenda pia. Bahati mbaya aliponieleza mimi hakukuwa na mtu mwingine, na wengine walipomuuliza aliona uvivu kusimulia habari za paka.

Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita nyuma ya paja, yanazunguka goti na kushuka hadi kidole cha mwisho. Mara ni moto, mara ni siafu, mara ni kama mtu anachomoa uzi mrefu ndani ya nyama. Lililo la ajabu ni kwamba ukimwangushia kiatu mguuni hasikii sana, ila shuka likimgusa unyayo anaruka. Na kukaa kunamuumiza kuliko kusimama. Kwa hiyo kila aliyemhurumia alimvutia kiti, naye kwa adabu akakaa, akaumia, akashukuru.

Sasa, neno. Mshipa katika lugha yetu una kazi nyingi kuliko mke mkubwa. Damu inapita kwenye mshipa. Mtu akikasirika mshipa wa shingo unamsimama. Na kuna mshipa ule mwingine, wa ngiri, ambao mwanamume akiwa nao hasemi, suruali ndiyo inayotoa taarifa. Taratibu hakuufikiria huo. Alikuwa ametoka hospitali, amesikia mshipa, akarudi na mshipa.

"Mguu una nini, kinyozi?" aliuliza Mzee wa Magodoro. Huyu ndiye mwenye duka la magodoro mlango wa tatu kutoka hapa. Kila anachokisikia kinalala kwake mara moja tu, asubuhi yake kimeshaenda kwa watu. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti, na benchi lilikuwa limejaa.

"Mshipa," Taratibu akajibu.

Benchi zima likamgeukia.

"Mshipa?"

"Mshipa."

"Pole sana, ndugu yangu." Mzee wa Magodoro akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishuka inafika barabarani. "Umeanza kushuka lini?"

"Tangu siku ile niliyobeba kiti. Unaanzia hapa kiunoni, unashuka mpaka chini kabisa."

"Chini kabisa!"

"Mpaka kwenye kidole."

Mzee wa Magodoro akakishika kichwa chake kilichonyolewa nusu. "Nimeona ya watu wengi," alisema. "Wa kufika kidoleni sijapata kuuona."

Kesho yake mteja mmoja alimletea Taratibu suruali pana ya marehemu mjomba wake, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko, akasema aivae tu, asiseme asante. Mkewe, Mama Pacha, ambaye ndiye anayefua taulo za duka, alikutana na wanawake bombani. Mmoja akamshika mkono akamwambia, "Vumilia mwenzangu. Ndoa ina mambo mengi, si hilo moja tu." Mama Pacha alikuja dukani na ndoo ya taulo mbichi bado zinachuruzika.

"Baba Pacha! Umewaambia watu nini?"

"Nimewaambia mshipa."

"Mshipa wa nini?"

"Wa mguu."

"Ulisema wa mguu?"

"Nilisema mshipa. Kwani mguu hawauoni?"

"Hawauoni!" akasema Mama Pacha. "Mtaa mzima huu, hakuna hata mmoja anayetazama mguu wako!"

Ikabidi jambo lisahihishwe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Taratibu alirudi kliniki akaomba apewe jina kamili, la heshima, ambalo mtu anaweza kulitaja mbele ya wakwe. Akapewa: mishipa ya fahamu. Akalibeba mpaka dukani, akasubiri benchi lijae, akalitangaza. Si ule mshipa mnaoufikiria nyie, akasema. Wangu ni wa fahamu.

Wale watu walitazamana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitazama tena suruali yake, hilo ni kweli. Walianza kumtazama machoni. Walizungumza naye polepole, maneno yakiwa yametengana, kama mtu anavyozungumza na mgeni asiyejua lugha. Mmoja alimuuliza leo ni siku gani, na alipojibu Jumanne, akampongeza. Mwingine alimwambia Mama Pacha, kwa nia njema kabisa, kwamba visu vya jikoni viwekwe juu ya kabati.

"Bora ule wa kwanza," Mama Pacha alisema. "Ule angalau walikuonea huruma kwa siri."

Lakini siwezi kusema kwamba wakati huo hakuwa anapata nafuu, maana alikuwa anapata. Kliniki ile ina dada wa mazoezi ya viungo, mfupi, mkali kama mkunga, na huyo alimfundisha mengi. Alimkataza kusimama mahali pamoja kama nguzo. Kwa hiyo Taratibu aliweka kigoda kando ya pedali ya kiti cha chuma, mguu mmoja unapanda kigodani na kushuka, unapanda na kushuka. Chini alitandika kipande cha sponji alichopewa bure na Mzee wa Magodoro, mabaki ya godoro la mtoto. Mzee wa Magodoro mpaka leo anasema aliyemtibu kinyozi ni yeye.

Pili, dada wa mazoezi alimwambia asisubiri maumivu yaje ndipo apumzike, apumzike kabla hayajaja.

"Nipumzike nikiwa mzima?" Taratibu aliuliza.

"Ukiwa mzima."

"Watu watasema mvivu."

"Wewe si wanakuita Taratibu? Basi fanya kama jina lako. Jina lizuri hivyo unalipoteza bure."

Akatundika pazia nyuma ya duka. Kila akimaliza vichwa kadhaa anaingia kule, analala chali sakafuni, miguu ameiweka juu ya sanduku, anafumba macho na kuhesabu pumzi: ndani polepole, nje polepole zaidi. Kisha anatoka, anapangusa mikono, "Karibu, nani anafuata?"

Tatu ni kimashine. Ni kiboksi kidogo kinachoning'inia kwenye mkanda wa suruali, kina betri, kitaa chekundu kinachopepesa na vitufe viwili vya kuzungusha. Nyaya zake zinapita ndani ya shati mpaka kwenye vibandiko alivyobandikwa na mkewe, kimoja kiunoni na kingine nyuma ya paja. Ukikiwasha kinatoa umeme mdogo sana, kama vidole vinavyogongagonga, na mshipa ukisikia hodi hiyo unasahau kidogo mayowe yake. Hakiponyi, dada wa mazoezi alisema. Kinabembeleza.

Na nne ni visa. Hili hakufundishwa, alilivumbua mwenyewe, dada wa mazoezi akamwambia liko sawa: akili ikipewa kazi nyingine inapunguza kuusikiliza mguu. Taratibu ana kisa cha mtu aliyeuza mlango wa nyumba yake ili apate kununua kufuli. Siku mguu ukiwa mtulivu, kisa hicho kinaisha kabla hajamaliza kisogo. Siku moto ukiwaka, mwenye mlango anakwenda kwanza kwa mjomba wake, mjomba anamtuma kwa fundi, fundi ana mke mgomvi, na mke mgomvi ana mbuzi. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanasema, "Leo kinyozi ana furaha!" Mimi hapo nje nikisikia mbuzi ametokea, najua leo hali ni mbaya.

Yote hayo yalisaidia, ila dawa ndiyo iliyokuwa kiini, na dawa ndiyo iliyoleta balaa.

Ni vidonge vya rangi mbili. Alianza na kidogo, akapandishwa polepole. Wiki za mwanzo vilimlewesha usingizi. Alikuwa anapiga miayo kama mlango wa kanisa, mdomo umekauka, akimwita mkewe kwa jina la dada yake. Kipindi hicho, bila kuambiwa na mtu, aliuweka wembe kabatini akafunga. Kila aliyetaka ndevu alimpa sababu: wembe haujanolewa, wembe umekwisha, spiriti imekwisha. Watu walilalamika, "Sisi tunataka wembe!" Walikuwa wanapanga foleni kuomba wachinjwe. Mwili ulipoizoea dawa, usingizi ukaondoka, kichwa kikawa cheupe, mkono ukawa ule ule wa zamani, akautoa wembe. Siku hizo hizo ndipo walipomkimbia.

Ilikuwa hivi. Alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vingine, na nyuma yake kwenye foleni alikuwa Mzee wa Magodoro, amefuata dawa ya kikohozi. Dada wa duka la dawa, mwenye sauti ya mnadani, akainua boksi juu.

"Hii ni ile ya kifafa, siyo?"

Mzee wa Magodoro hakungoja kikohozi chake. Angengoja kidogo angesikia maneno yaliyofuata, kwamba dawa hii ilijulikana kwanza kwa kifafa, lakini siku hizi madaktari wengi wanaitoa kwa maumivu ya mishipa, na kwamba kinyozi asiiache ghafla. Lakini habari nusu ina miguu mirefu kuliko habari nzima. Taratibu alipofika dukani na boksi lake, kifafa chake kilikuwa kimefika zamani, kimekaa kwenye benchi.

Na kila kitu kikapata maana. Pazia! Kumbe ndiyo maana anaingia kule. Mtu mmoja akaapa kwamba aliwahi kuchungulia akamwona sakafuni, miguu juu, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Fahamu! Kumbe alishatuambia mwenyewe. Hata ule mshipa wa kwanza haukuachwa, walisema ulipanda kichwani. Mtu mwenye ugonjwa mmoja alipewa matatu, na ule mmoja wake hakuna aliyeutaka.

Mimi nilijaribu kusema. Nilimwambia mteja mmoja wa viatu kwamba si kifafa, ni mguu, na kuna habari ya jirani na paka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kisigino kitakuwa tayari kesho. Mimi si msemaji.

Walioondoka kwanza ni wa wembe. Huwezi kuwalaumu sana. Shingo ni moja. Wakafuata wenye watoto. Wakafuata wa mashine ya umeme, ambayo haiwezi kumkata hata nzi, lakini nao waliona aibu kubaki peke yao. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwenye kiti cha plastiki, akaweka benchi la pili. Kwa Taratibu kiti cha chuma kilibaki kitupu, kinang'aa. Alikuwa anakipangusa asubuhi, na mchana anakipangusa tena, kwa sababu mikono haikuzoea kukaa bure. Visa havikuwa na wa kusimuliwa. Nilimsikia siku moja anamsimulia Mama Pacha habari za mlango na kufuli, wakati Mama Pacha anakunja taulo ambazo hazikutumika. Mbuzi alitokea mapema sana.

Ndipo akaja shemeji yake, kaka wa Mama Pacha. Huyu ni mtu wa maghalani, mwenye funguo nyingi kiunoni, mtu mwema wa aina inayochosha. Alikuwa amempatia kazi.

"Kazi ya getini, shemeji," alisema. "Lango la ghala. Unafungua gari likija, unafunga likienda. Siku nzima umekaa kwenye kiti."

"Kukaa ndiko kunakoniua, shemeji."

"Mtu anauawa na kukaa? Shemeji, watu wanatafuta kazi za kukaa, hawazipati!"

"Mimi ni kinyozi."

"Kinyozi wa nani?" shemeji akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya. Aligeuka tu akaliangalia benchi tupu, na sisi sote tukaliangalia. Akamwambia Jumamosi ndiyo mwisho, mwenye ghala hangoji. Kiti cha chuma amekipatia pa kukiweka, kwake, uani, atakifunika turubai. Taratibu alichukua kitambaa, akaanza kukipangusa tena. Mama Pacha akamjibia kaka yake kwamba watafikiri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiri na hakupenda alichokiona.

Jumamosi shemeji alikuja na mkokoteni na mwenye mkokoteni. Waliusimamisha mbele ya baraza, gurudumu moja juu ya ngozi zangu. Taratibu alikuwa anafunga vitana kwenye gazeti, kimoja kimoja, na kimashine kinapepesa kiunoni. Ndipo nikaona viatu ninavyovijua vinavuka barabara kutoka ng'ambo: vyeusi, vipana, vimepinda nje. Mzee wa Magodoro. Shingo ameifunga taulo, na jua lile.

Aliingia akasimama. Akaufungua ule mfungo wa taulo.

Mungu amemjalia ndevu za kujikunja. Zikinyolewa ovyo zinageuka na kuingia ndani ya ngozi, na wiki zote hizo alikuwa ananyolewa na yule wa kiti cha plastiki. Shingo ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Vipele vingine vilikuwa vimeiva.

"Kesho binti yangu anaolewa," alisema, anaitazama sakafu. "Kuna picha."

"Hongera," Taratibu akasema, anafunga kitana.

"Wewe peke yako ndiye unayezijua hizi ndevu."

"Huniogopi?"

"Nakuogopa sana," Mzee wa Magodoro akajibu. "Lakini picha hazifutiki."

Shemeji akaangalia saa. Taratibu akaangalia kile kiti. Kisha akaukunjua wembe wake kutoka kwenye gazeti ambamo alikuwa ameshaufunga, akautia spiriti.

Mzee wa Magodoro alikuwa na masharti. Mimi nikaitwa kutoka nje, nisimame ubavuni. "Fundi viatu, wewe kaa hapo. Ukimwona anaanza, mshike mkono. Usimshike kiuno, mshike mkono!" Nikasimama na kiatu cha mtu mkononi, sijui nikiweke wapi. Mwenye mkokoteni naye akaingia kutazama, kwa kuwa bure haina hasara. Taratibu akakanyaga pedali mpaka kiti kikafika juu, akamlaza mteja nyuma, akampaka povu, akavuta ngozi kwa vidole viwili.

"Taratibu, mzee. Taratibu."

Alianza shavu la kulia, kufuata ndevu zinakolala, si kinyume kama yule wa ng'ambo. Alikizunguka kila kipele kama mtu anayefagia nyumba yenye watoto waliolala. Akaanza kisa. Nikasikia mlango umeuzwa, mjomba akatokea, kisha fundi. Nikajua mguu umewaka, kwa vile siku hiyo hakuwa amelala nyuma ya pazia hata mara moja. Alikuwa anafunga virago. Akafika kooni.

Mzee wa Magodoro akiwa amelala hivyo, macho yake yalikuwa yanatazama pembeni, kiunoni kwa kinyozi, na pale mbele ya pua yake kitaa chekundu kinapepesa. Baadaye alitueleza mwenyewe alichofikiri. Alifikiri kile ndicho kifafa chenyewe kinapigiwa hesabu, na kitaa kikipepesa hivyo maana yake kinakuja. Akaona ajiokoe, akizime. Akanyoosha mkono chini ya kitambaa, akakishika kitufe, akakizungusha kwa nguvu mpaka mwisho. Upande usio wenyewe.

Sijawahi kuona mguu ukifanya vile. Ulinyooka, ukatetemeka, ukaruka kutoka kwenye kigoda kama umeitwa, ukatua juu ya pedali na kuikandamiza mpaka mwisho. Kiti cha chuma kikashuka na Mzee wa Magodoro wake, wote kwa mkupuo, puu! Mzee akatoa sauti ambayo nadhani binti yake aliisikia. Shemeji akaangusha funguo. Mimi, niliyewekwa kumshika mkono, nilikishika kiatu.

Na mkono ulikuwa pale pale. Hilo ndilo tuliloliona sote. Mteja yuko chini, mguu unacheza ngoma yake peke yake, uso wa Taratibu umekunjana kama ngozi mbichi iliyoanikwa juani, na juu ya vyote hivyo mkono wa kulia umesimama hewani, mahali koo lilipokuwa, wembe umelala sawasawa, povu juu yake halijadondoka. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine aliyekuwa anapita tu.

Mama Pacha alitoka nyuma ya pazia, akaliona lote kwa mara moja, akafika na kukizungusha kitufe kama anayezima jiko. Mguu ukatulia.

"Nimekatika?" Mzee wa Magodoro akauliza kutoka kule chini. Alikuwa anajipapasa shingo, anatazama vidole, anajipapasa tena. Vilikuwa na povu tu.

Taratibu alivuta pumzi ndani polepole, akaitoa polepole zaidi. Akafanya hivyo tena. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Upande wa kushoto bado," alisema. Akakanyaga pedali, kiti kikapanda.

Mzee wa Magodoro angeweza kukimbia. Nusu ya shingo ilikuwa laini kama ya mtoto na nusu ilikuwa ya kuku, na picha ni kesho. Akalala. Mikono aliiweka juu ya tumbo, vidole amevifumbata, akavishikilia mpaka mwisho.

Alipomaliza alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kulia, kushoto. Kisha akatoka kwenda kuwaambia watu. Tulimsikia kuanzia mlangoni.

"Nimeona kwa macho yangu! Kimemshika nikiwa pale pale chini ya wembe! Kifafa chake ni cha mguu tu! Mkononi hakifiki!"

Ndani ya duka Taratibu na mkewe walitazamana. Mama Pacha akaanza kwenda mlangoni kusahihisha, akarudi. Tangu maradhi haya yaanze, hiyo ndiyo ilikuwa habari iliyokaribia ukweli kuliko zote, na aliyeitoa hakukusudia. Ukiisahihisha utaiharibu.

Shemeji aliokota funguo zake. Alimtazama mwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni akatazama kiti cha chuma, akasema yeye kitu kizito namna ile na kinashuka chenyewe habebi, ana watoto. Shemeji akapitisha mkono kichwani mwake, nyuma, ambako nywele zilikuwa zimeanza kuvuka kola.

"Basi nipunguze hapa nyuma, shemeji," alisema. "Kwa mashine. Wembe siku nyingine."

Walirudi kama walivyoondoka, ila kwa mpangilio wa kinyume: kwanza wa mashine, kisha wenye watoto, na mwisho wa wembe. Sharti lao ni moja, hakuna anayegusa kitaa chekundu. Wakilala kwenye kiti wanafumbata mikono tumboni kama Mzee wa Magodoro, bila kuambiwa. Wapo wanaoamini kwamba mkono wa kinyozi umetulia hivyo kwa sababu umeme wote umepelekwa mguuni. Wawili wamekuja kuuliza kama nao wanaweza kufungiwa kimashine kama kile.

Maumivu yapo. Vidonge anameza, pazia linafunguliwa na kufungwa, sponji limeshachakaa amepewa jingine. Kuna siku anafanya kazi mpaka jioni na kisa kinaisha kabla ya kisogo. Jana haikuwa siku hiyo. Nilikuwa nagonga soli, nikamsikia mwenye mlango amefika kwa mke wa fundi, mbuzi ametokea, na sasa mbuzi ana mwanawe, ambaye sijawahi kumsikia kabla. Benchi zima lilikuwa linacheka. Nikaacha nyundo, nikaingia, nikamwambia Taratibu kuna kiatu nataka akione kule nyuma ya pazia. Hakuuliza kiatu gani. Aliweka mashine chini, akaja, akajilaza, miguu juu ya sanduku.

Kwenye benchi mgeni mmoja akamuuliza jirani yake, "Huyu kinyozi ana nini?"

"Mshipa," jirani akajibu.

Mgeni akalitazama pazia. "Ohoo," akasema. "Masikini."

"Wa mguu!" Mama Pacha akapaza sauti kutoka kwenye ndoo ya taulo. "Mkisema, semeni wa mguu!"